Mimi mgeni wa kamba, kaka yangu mzoefu: je, safari moja ya miamba itatufaa sote?

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Moshi. Nimepanda Kilimanjaro hadi Uhuru kwa njia ya Machame, lakini sijawahi kufungwa kamba wala kupanda mwamba. Kaka yangu anaishi Munich, na kwa miaka minne amekuwa akipanda kwenye kuta za ndani. Anasema njia za daraja la 6b (kwa kipimo cha Kifaransa cha ugumu wa kupanda) anazipanda kwa kutangulia, yaani akiwa wa kwanza na kamba ikimfuata kutoka chini, bila tabu. Januari anakuja likizo, nasi tumetenga siku kumi za kwenda Kenya kupanda miamba pamoja na kiongozi wa kulipwa, na ikiwezekana tumalizie kileleni Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Je, safari moja inaweza kutufaa sote wawili? Tutamtambuaje kiongozi wa kuaminika? Na mtu aliyefika Uhuru, Batian si itakuwa rahisi kwake?

Jibu: Dada, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua mpangilio wa siku zenu zote kumi. Uhuru ina mita 5,895 na Batian ina mita 5,199, hivyo ukitazama namba peke yake utadhani umekwisha kufanya lililo gumu zaidi. Lakini milima hii miwili humpima mtu kwa mambo tofauti. Kilimanjaro hupima pumzi, miguu na uvumilivu, na njia ya Machame, hata pale Barranco ambapo ulilazimika kushika mawe kwa mikono, ni njia ya kutembea kwa miguu. Batian na jirani yake Nelion, wenye mita 5,188, ni minara ya mwamba isiyo na njia ya kutembea upande wowote; kila anayefika juu amepanda kwa kamba mamia ya mita, na kila anayerudi ameshuka kwa kamba mamia hayo hayo. Kilele ambacho watembeaji hufika katika Mlima Kenya ni Lenana, chenye mita 4,985. Kwa hiyo, kufika Uhuru kumekupa jambo moja la thamani kubwa, yaani unajua jinsi mwili wako unavyoitikia hewa nyepesi, lakini hakujakupa lolote kuhusu mwamba. Ushauri wangu ni kwamba katika safari hii wewe usilenge Batian wala Nelion. Lenga Lenana, na kabla ya hapo jifunze mwamba vizuri kwenye majabali ya chini, ambako kosa la kujifunza halimgharimu mtu maisha.

Nasema hivyo nikiwa na matumaini kwamba utarudi siku nyingine kwa ajili ya mnara wenyewe, wala usione haya kwenda kwa kuongozwa. Batian ilipopandwa kwa mara ya kwanza, tarehe 13 Septemba 1899, Mwingereza Halford Mackinder alikwenda na viongozi wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, ambao kazi yao ilikuwa hiyo hiyo ninayoizungumzia hapa: kutafuta njia, kukata ngazi kwenye barafu na kumfikisha mteja wao juu na kumrudisha salama. Historia ya mlima ule ilianza na safari ya kuongozwa. Ilichukua karibu miaka thelathini, hadi Januari 1929, ndipo Eric Shipton na Wyn Harris walipopanda Nelion kwa mara ya kwanza na kuvuka hadi Batian.

Sasa tuje kwenye swali la msingi, kama safari moja inaweza kuwafaa mwanagenzi na mzoefu. Kwenye majabali mafupi inawezekana kabisa, na mara nyingi inapendeza, kwa sababu ya namna kamba inavyowekwa. Kiongozi hupita nyuma ya jabali au hutangulia kupanda, akafunga nanga juu, yaani mahali imara pa kushikiza kamba, kisha kamba inapanda kutoka chini, inapita kwenye nanga na kushuka tena. Mpandaji anafungwa upande mmoja, na mwenzake anashika upande wa pili kwa kifaa cha breki. Ukiteleza, unaning'inia pale pale ulipoteleza, huanguki zaidi ya mvuto mdogo wa kamba. Katika mpangilio huo wewe unaweza kupanda mteremko mwepesi huku kaka yako, mita tano pembeni, akihangaika na ufa mgumu, na kiongozi mmoja akawasimamia wote wawili kwa utulivu. Mnakula pamoja, mnashikiana kamba, na jioni kila mmoja amechoka kwa kiwango chake.

Kwenye njia ndefu inayopandwa kwa awamu nyingi, kila awamu ikiwa urefu wa kamba moja, hali hubadilika kabisa. Watu watatu waliofungwa pamoja huenda kwa mwendo wa yule anayekwenda polepole kuliko wote, kila kituo kinachukua muda zaidi, na saa ambazo zingetumika kushuka kabla ya mawingu ya alasiri zinaishia kwenye kusubiriana. Kiongozi naye hawezi kukufundisha misingi akiwa amening'inia mita mia mbili juu ya changarawe, huku upepo ukipeperusha sauti yake. Kwa njia ya namna hiyo siafiki kiongozi mmoja awe na wapandaji zaidi ya wawili, na kama mmoja wa hao wawili hajawahi kushuka kwa kamba, siafiki hata wawili.

Kuhusu kaka yako, naomba umwonyeshe sehemu hii kwa upole. Mtu anayetangulia 6b ndani ya ukumbi ana vidole vyenye nguvu, ana miguu yenye adabu na, lililo muhimu kuliko yote, amezoea kushika kamba. Hayo ni mengi. Lakini ukutani bolti zimekaa kila baada ya mita moja au mbili, vishikio vina rangi inayokuonyesha pa kwenda, hakuna kipande kitakachokatika mkononi, na ukifika juu kuna mnyororo unaokungoja. Kwenye mwamba wa Kenya njia nyingi za zamani hazina bolti kabisa. Anayetangulia huchomeka vipande vya chuma kwenye nyufa, anapitisha kamba kwenye karabina (pete za chuma zinazofunguka na kufunga) zilizoning'inizwa hapo, na kipande kilichochomekwa vibaya hung'oka siku ile ile kinapohitajika. Lazima ajue kulisoma jabali kutoka chini, kuligonga jiwe kwa kiganja na kusikiliza kama linatoa mlio wa uwazi ndani, kujenga nanga yake mwenyewe, na kujua njia ya kurudi ikiwa mbele kumekataa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofundishwa na 6b ya ukumbini. Kwa hiyo siku mbili za kwanza na apande nyuma ya kiongozi, aving'oe vile vipande vya chuma kimoja kimoja, na kila anapoking'oa ajiulize kwa nini kiliwekwa pale na kwa mwelekeo ule. Mzoefu anayelipa kiongozi ili avutwe tu juu ananunua kitu kidogo sana. Anayelipa ili afundishwe kuamua, anarudi nyumbani na ujuzi utakaomsaidia kwenye mwamba wowote duniani.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Lukenya, vilima vya mawe karibu na Athi River, kando ya barabara ya kwenda Mombasa. Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, imekuwa ikipanda hapo kwa vizazi kadhaa, na njia zake ni za kila daraja. Mwamba wake ni mgumu, wenye chembechembe zinazokwaruza, na sehemu nyingi zimelala kidogo badala ya kusimama wima. Mwamba uliolala ndio shule bora ya mwanagenzi, na nitakueleza kwa nini.

Utakapopanda mita tatu za kwanza, mikono yako itatafuta kitu cha kushika na haitakipata. Mwili utataka kulala kifudifudi juu ya jiwe, kifua kikigusa, kwa sababu hofu inasema karibu ndiko salama. Matokeo yake ni kinyume: ukilala, uzito unahama kutoka kwenye nyayo, raba ya kiatu inaachia, nawe unateremka huku magoti yakichubuka. Kiongozi mzuri hatakupigia kelele uvute kwa nguvu. Atakuambia uondoe kifua kwenye jiwe, unyooke, ushushe visigino kidogo, utazame kikunjo cha jiwe kilicho karibu na goti lako, uweke ncha ya kiatu hapo, kisha usimame juu yake kana kwamba huna mikono kabisa. Mara ya kwanza kiatu kinaposhika pasipo na kitu cha kushika, mtu hubadilika usoni. Kuanzia hapo anapanda kwa miguu. Kaka yako naye atapata somo hilo hilo, pengine kwa uchungu zaidi, kwa sababu nguvu za mikono alizozijenga ukumbini hazimsaidii sana kwenye jiwe lililolala.

Kutoka Lukenya nendeni Hell's Gate, karibu na Naivasha, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1984 na ambayo ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Mara tu ukiingia utauona mnara wa Fischer, nguzo ya mawe ya volkano yenye kimo cha takriban mita 25, iliyopewa jina la mvumbuzi Mjerumani aliyepita huko mwanzoni mwa miaka ya 1880, na leo makazi ya pimbi wasioogopa watu. Wageni wengi hupanda hapo kwa kamba ya juu, nawe utaumudu. Ng'ambo yake kuna kuta ndefu zaidi, zilizopasuka kuwa nguzo zilizosimama sambamba, na kati ya nguzo na nguzo kuna nyufa. Kuta hizo ni za kaka yako. Ufa haupandwi kwa kuvuta vishikio. Mkono unaingizwa ndani ukiwa bapa, kidole gumba kinakunjwa kuelekea kiganjani mpaka mkono unavimba na kukwama, halafu mtu ananing'inia juu ya mkono huo uliokwama. Mguu nao huingizwa ukiwa umelazwa ubavu, kisha unageuzwa. Inauma, na asiyefunga mikono kwa plasta ya kitambaa atarudi na ngozi iliyochanika.

Kuna mambo ya mahali hapo ambayo kiongozi anapaswa kuyataja bila kuulizwa. Kuta zile ni makao ya ndege wakubwa, wakiwemo tumbusi, na ikiwa sehemu ina viota au hifadhi imeifunga, haipandwi, hata kama mmesafiri kutoka Ulaya kwa ajili yake. Juu ya kuta, nguzo zinapoishia, kuna mawe yaliyolegea, hivyo anayeshika kamba chini asimame pembeni ya mstari wa mpandaji na asivue helmeti hata akiwa amekaa anakunywa chai. Na lile korongo jembamba ambalo watu hulitembelea lina hatari ya mafuriko ya ghafla, yaliyowahi kuua watu mwaka 2012 na tena 2019. Maji yalishuka kutoka mbali wakati walio ndani hawakuwa na muda wa kutoka. Mvua ikionekana upande wowote wa milima, msishawishike kushuka humo.

Sehemu zote hizi mbili zina nyuki, na nyuki wa Afrika Mashariki ni jambo zito kuliko chui. Wanaingia kwenye nyufa na mapango madogo, na mpandaji aliyefungwa kamba hawezi kukimbia. Kabla ya kupanda, kiongozi asimame chini, atazame ufa kwa dakika kadhaa na kusikiliza. Msijipake manukato. Wakianza kuwazunguka, aliye juu ateremshwe mara moja bila kupigapiga mikono, na vifaa viachwe pale pale hadi usiku au siku nyingine. Nimewahi kuona mtu mzima akirudi kwa ajili ya karabina mbili na nusura apoteze macho.

Nije kwenye kumtambua kiongozi. Kosa la kwanza ambalo wasafiri hufanya ni kudhani kwamba kila kiongozi wa mlima ni kiongozi wa mwamba. Katika Mlima Kenya kuna viongozi wengi wenye vitambulisho halali, watu hodari wanaojua kila njia ya kufika Lenana, wanaojua hali ya hewa na wanaojua kumsaidia mgonjwa wa kimo. Lakini kitambulisho cha kuongoza watembeaji hakithibitishi kwamba mtu anajua kujenga nanga au kumwokoa mpandaji aliyekwama kwenye kamba. Kundi la wanaoweza kuongoza Nelion ni dogo, na wanajulikana wao kwa wao. Kwa hiyo muulizeni waziwazi: wewe mwenyewe, si kampuni yako, umetangulia Nelion lini mara ya mwisho, kwa njia ipi, na nani alikufundisha kamba? Mwenye kazi yake atajibu kwa utulivu na kwa undani. Anayekasirika au anayejibu kwa picha za vilele tu, mwacheni.

Mafunzo rasmi yana uzito wake. Shirikisho la kimataifa la vyama vya viongozi wa milima, linalofahamika kwa kifupi IFMGA, hutoa beji inayotambulika duniani kote, na huchukua miaka kadhaa kuipata. Nchini Kenya wenye beji hiyo si wengi wa kukutana nao barabarani, na zipo sifa nyingine za kufundisha majabali mafupi zinazotosha kwa Lukenya na Hell's Gate. Pamoja na hayo aonyeshe cheti cha huduma ya kwanza ya maeneo ya mbali ambacho muda wake haujapita.

Lakini mimi hupima zaidi maswali anayowauliza ninyi. Kiongozi ambaye katika barua ya kwanza anawauliza umri, maradhi, dawa mnazotumia, lini ulipanda Kilimanjaro na ulijisikiaje usiku wa mwisho, kaka yako ameshawahi kupanda nje au la, na kama mnaweza kuongeza siku moja, huyo anajenga safari kwa ajili yenu. Anayewaambia bei na siku ya kufika kileleni kabla hajawauliza lolote, anauza tiketi. Muulizeni pia ni mambo gani yatamfanya ageuke. Kama hana jibu lililo tayari, kwa mfano saa fulani ya mchana ambayo ikifika lazima waanze kushuka popote walipo, msimkabidhi uhai wenu. Bei iliyo chini mno nayo iangalieni kwa makini, kwa kuwa fedha inayopunguzwa kwa kawaida hupunguzwa kwenye siku za kuzoea kimo, kwenye ujira na mavazi ya wapagazi, na kwenye kamba iliyopaswa kustaafishwa.

Siku ya kwanza mtakapokutana, tazameni vifaa. Watengenezaji wengi wa kamba na mikanda husema visitumike baada ya miaka 10 hata kama havijaguswa, na vinavyotumika kila wiki huisha mapema zaidi. Pitisha kamba mkononi yote, polepole. Ukikuta sehemu laini mno, iliyobonyea au yenye nyuzi za ndani zinazochungulia, useme. Kamba ya kupandia lazima iwe ile inayonyumbuka, kwa sababu mnyumbuko ndio unaomeza kishindo cha kuanguka. Kamba ngumu isiyonyumbuka, hata ikiwa nene na mpya, ni ya kushukia na kuvutia mizigo, na anayeitumia kutangulia anaweza kuvunjika mgongo ingawa kamba yenyewe haikukatika. Ukifika chini ya nanga ambayo ni rahisi kufikiwa, mwombe kiongozi akuonyeshe alivyoifunga. Utaona angalau bolti mbili, kila moja na karabina yake yenye kufuli, na mkanda unaougawa uzito kati ya zote mbili kiasi kwamba moja ikishindwa, ya pili inabeba bila mshtuko.

Halafu kuna ukaguzi kabla ya miguu kuondoka ardhini, ambao nauthamini kuliko vifaa vyote. Mpandaji na mshika kamba wanatazamana. Mkono wa mwenzako unashika bizimu la hanesi yako, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, na kulivuta; unafuata kwa kidole fundo lenye umbo la nane, kuhakikisha kamba imepita kwenye vitanzi vyote viwili vya hanesi, si kimoja, na kwamba mkia wake una urefu wa kutosha. Wewe nawe unatazama kifaa chake cha breki, unavuta kamba kuona kama inakaza, unabana karabina kuona kama kufuli limefungwa. Mwishoni mnaangalia ncha ya pili ya kamba, kama ina fundo, kwa kuwa ajali nyingi za kuteremshwa hutokea kamba inapoisha na kuchomoka kwenye breki. Wanagenzi husahau ukaguzi huu mara chache, kwa kuwa wanaogopa. Wazoefu ndio huusahau, wakiwa wanazungumza. Basi nakupa kazi: katika safari hii wewe ndiwe uwe mlinzi wa ukaguzi, na kaka yako asipande hatua moja kabla hujashika fundo lake.

Kuhusu Mlima Kenya, Januari mmeichagua vizuri. Kwa kuwa mlima umekaa karibu kabisa na Ikweta, jua linapohamia kusini, uso wa kusini-mashariki wa Nelion hukauka, na wapandaji huutumia tangu Desemba hadi mwanzoni mwa Machi; katikati ya mwaka ni zamu ya uso wa kaskazini wa Batian. Ningewapangia siku mbili Lukenya, mbili Hell's Gate na sita mlimani, na kama jambo lolote litachelewa, punguzeni Hell's Gate, msiguse zile sita. Kaka yako anatoka mji ulio kwenye mita zipatazo 520, na siku za Naivasha, iliyo karibu mita 1,900, zitamsaidia kidogo tu. Kwa njia ya Naro Moru, laleni kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, kisha kambi ya Mackinder's, mita 4,200, na hapo mlale usiku wa pili pia, mkitumia mchana wake kupanda juu na kurudi. Kanuni ya jumla ya madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja; hatua ya kutoka kituo cha kwanza hadi Mackinder's inavunja kanuni hiyo, na ule usiku wa ziada ndio fidia yake. Siku ya nne hamieni kibanda cha Waaustria, mita 4,790, hatua ambayo nayo inaizidi kanuni hiyo kidogo. Kuumwa kichwa kidogo hapo ni kawaida, lakini kutapika, kuyumba mtu anapotembea mstari ulionyooka, kukohoa makohozi yenye povu au kukosa pumzi akiwa amekaa ni amri ya kushuka, usiku huo huo, bila kungoja mapambazuko.

Asubuhi ya siku ya tano mtaachana. Wewe na kiongozi wa pili, ambaye anaweza kuwa kiongozi wa watembeaji, mtapanda Lenana na kuliona jua likichomoza, huku kaka yako na kiongozi wa mwamba wakiwa wameshaanza kuvuka changarawe pale ambapo barafu ya Lewis ilikuwa imejaa zamani na sasa imebaki kidogo sana. Msikubali kuwa na kiongozi mmoja kwa kazi hizo mbili. Mmoja wenu ataachwa kibandani, na hifadhi hairuhusu mtu kutembea peke yake mlimani.

Njia ya kawaida ya Nelion, kwa kipimo cha UIAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, iko daraja la nne, na pale panapoitwa De Graaf's inakaribia la tano. Kwa namba, kaka yako ataiona nyepesi mno. Lakini ataipanda akiwa na mkoba mgongoni, vidole vikiwa na ganzi ya baridi ya alfajiri, kwenye hewa inayomlazimisha kupumzika baada ya kila hatua chache, na kosa linalowapata wengi si kushindwa na mahali pagumu bali kupotea njia mahali pepesi. Juu kabisa kuna kibanda kidogo cha chuma ambacho Ian Howell alikijenga mwaka 1970, akibeba vipande vyake mwenyewe kwa kupanda mara kwa mara. Kinaweza kuokoa timu iliyochelewa, lakini ratiba isikitegemee. Kuvuka kutoka Nelion hadi Batian, kupitia pengo liitwalo Lango la Ukungu, huonekana kufupi kwa macho na hula saa nyingi kwenda na kurudi. Kwa mara ya kwanza, Nelion inatosha.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili iliyo macho. Ni kamba baada ya kamba, kituo baada ya kituo, mwili umechoka na mawingu yamepanda kutoka bondeni. Kaka yako ahakikishe amezoea Hell's Gate kufunga kitanzi cha akiba chini ya kifaa cha kushukia, ambacho hukaza chenyewe mkono ukiachia, na kufunga mafundo kwenye ncha za kamba kila kituo, hata kile cha mwisho ambacho ardhi inaonekana.

Mwisho ni uokoaji. Mwaka 1970 daktari kijana Mwaustria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian baada ya jiwe kubwa kung'oka, akavunjika mguu, na alikaa juu kwa takriban wiki nzima huku waokoaji wa Kenya na wengine waliokuja kutoka Austria wakihangaika kumteremsha. Rubani wa helikopta iliyotumwa kusaidia alifariki ilipoanguka. Shirika la Wanyamapori la Kenya lina kikosi chake cha uokoaji mlimani, na wanaofanya kazi humo ni watu jasiri, lakini hakuna helikopta inayoweza kumchukua mtu kutoka kwenye uso wa mwamba uliofunikwa na mawingu. Kwa hiyo kateni bima inayotaja kwa maneno kupanda miamba kwa kamba na kimo cha zaidi ya mita 5,000, maana bima nyingi za safari huishia kwenye kutembea. Nakala ya bima, namba za ndugu wa kupigiwa na ratiba yenu ya kila siku mwacheni nazo mtu mmoja Moshi na mmoja Nairobi, na mkubaliane nao saa ambayo ikipita bila habari waanze kupiga simu. Viongozi wazuri hujazwa mapema kwa msimu wa Januari, hivyo waandikieni sasa, na katika barua ya kwanza waelezeni wazi kwamba mnahitaji wawili kwa siku za mlimani na mmoja kwa majabali.